Pembe ya Ng'ombe Katika Bustani ya Shule



Mpenzi msomaji, mwezi uliopita katika ukurasa huu tuliongea juu ya kuhara kwa watoto wachanga. Mwezi huu nakuomba tutoke wodini twende shambani, tena shamba la shule. Najua wapo watakaouliza, muuguzi na majembe wapi na wapi? Nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo, mpaka siku nilipoletewa mtoto wa kiume wa miaka tisa akiwa na degedege, siku mbili nzima baada ya homa kuanza, na sababu ya kuchelewa ilikuwa pembe ya ng'ombe.

Nianze tangu mwanzo.

MTOTO ANAYESINZIA

Kila mwaka huwa nakwenda kupima watoto wa shule moja ya msingi katika eneo linalohudumiwa na hospitali yetu. Tunapima uzito na kimo, tunatazama macho, masikio na ngozi, na tunavuta kope la chini kuona kama ndani yake kuna wekundu. Mwaka ule mwalimu wa darasa la nne alinivuta pembeni akaniambia, "Mama nesi, yule binti ananisinzia kila siku. Nimemchapa mpaka nimechoka." Nikamvuta kope yule binti. Lilikuwa jeupe kama karatasi. Tulipompima hospitalini damu yake ilikuwa gramu 6.8, na mtoto wa umri wake anatakiwa awe na 11.5 au zaidi. Choo chake kilikuwa na mayai mengi ya safura. Hakuwa mvivu hata kidogo, maskini. Alikuwa hana damu.

Nikauliza watoto wanalima wapi, nikapelekwa. Shamba la shule lilikuwa nyuma ya vyoo. "Hapa mahindi yanastawi sana," mwalimu wa shamba aliniambia kwa fahari. Bila shaka yanastawi! Mashimo ya vyoo yalikuwa yamejaa, mvua ikinyesha yanatiririkia huko huko, na watoto wadogo wanaoogopa giza la chooni walikuwa wakijisaidia katikati ya mahindi. Yai la safura likianguka penye udongo wa unyevu na kivuli, kwa siku chache tu linatoa kiluwiluwi kidogo kisichoonekana kwa macho. Hicho kinangoja unyayo wa mtoto. Kinapenya ngozi, kinasafiri na damu mpaka mapafuni, kinapanda kooni, kinamezwa, na kikifika katika utumbo kinajishikiza hapo na kunyonya damu. Na watoto wote walikuwa wakilima peku.

Yafaa hapa tuelewane vizuri, kwa sababu watu wengi huchanganya. Safura haitoki katika mbolea ya ng'ombe. Inatoka katika kinyesi cha binadamu. Samadi ya zizini ina hatari zake nyingine ambazo nitazisema, lakini safura si mojawapo.

Kamati ya shule ilikubali kuliacha lile shamba, wakapanda miti. Vyoo vipya vilichimbwa. Kisha wakataka bustani ya mboga mahali pengine, maana chakula cha mchana pale shuleni kilikuwa makande leo, ugali na maharage kesho, na mboga za majani kwa bahati tu. Ndipo akaja mgeni mmoja wa kujitolea kutoka Ujerumani, mtu mpole na mchapakazi, akasema atawafundisha kilimo kinachoitwa baiodainamiki.

WAZO LENYEWE LINATOKA WAPI

Mwezi Juni 1924, wakati wa Pentekoste, mtu mmoja aliyeitwa Rudolf Steiner alitoa mafundisho manane kwa wakulima waliokusanyika katika shamba kubwa la kijiji cha Koberwitz. Siku hizo kijiji hicho kilikuwa Ujerumani. Leo kiko Poland. Wakulima wale walikuwa na wasiwasi. Mbolea za viwandani zilikuwa zimeanza kuenea, nao waliona mbegu zao na mifugo yao havina nguvu kama zamani. Steiner aliwaambia walitazame shamba kama kiumbe kimoja kilicho hai: ng'ombe, mboji, udongo, miti, nyuki na mkulima mwenyewe, kila kimoja kikimtegemea mwenzake, na kidogo iwezekanavyo kinunuliwe kutoka nje. Mwaka uliofuata, 1925, alifariki. Wafuasi wake waliendelea, na tangu 1928 mazao ya namna hiyo huuzwa Ulaya kwa alama ya Demeter.

Steiner huyo huyo ndiye aliyeanzisha shule ya Stuttgart mwaka 1919 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, na katika shule za mtindo wake kilimo cha bustani ni somo kamili kama hesabu. Shule hizo zimeenea duniani. Afrika Mashariki ipo moja Mbagathi, karibu na Nairobi. Huko Misri, Ibrahim Abouleish alianza mwaka 1977 kulima jangwani kaskazini mashariki ya Cairo kwa njia hii ya baiodainamiki, na mahali pale, panapoitwa Sekem, pamekuwa na mashamba, shule na zahanati.

Sisi tuliosoma shule ya msingi Tanzania miaka ya 1970 na 1980 hatuhitaji Mjerumani kutueleza kuwa shule na jembe vinakwenda pamoja. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, nasi tulilima. Kosa letu, nasema kwa maoni yangu, ni kwamba mara nyingi jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa namba alipewa matuta mawili. Mtoto anayefundishwa hivyo hukua akiamini kuwa udongo ni wa waliokosa.

PEMBE ZINAZIKWA

Sasa, katika kilimo hiki zipo dawa za shamba ambazo Steiner alizielekeza. Ya kwanza na maarufu kuliko zote inatengenezwa hivi. Unachukua pembe tupu ya ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa. Unaijaza samadi mbichi. Unaizika ardhini kiasi cha nusu mita wakati baridi inapokaribia, na unaifukua baridi ikiisha. Kwetu upande wa kusini ni kuanzia Aprili hadi Septemba. Ndani utakuta kitu kama udongo mweusi. Chukua gramu 25 hivi, weka katika lita 13 za maji, koroga kwa saa nzima. Unakoroga upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati ya ndoo kama kinu, halafu unageuza upande wa pili, na hivyo hivyo mpaka saa iishe. Jioni unanyunyiza ekari moja. Nimekoroga mwenyewe, mkono unauma.

Mgeni wetu alizika pembe ishirini nyuma ya darasa la nne, mwezi Aprili baada ya Pasaka, yeye na watoto wachache, siku ya Jumamosi. Hakuna mzazi aliyeambiwa.

Msomaji, wewe unajua pembe ni nini kwetu. Pembe imo katika mkoba wa mganga. Pembe iliyozikwa karibu na nyumba ya mtu, kila mmoja anajua maana yake. Baada ya wiki mbili kijiji kizima kilikuwa kinanong'ona kwamba shuleni kuna vitu vimefukiwa, na kwamba mzungu anataka kuchukua akili za watoto. Mwezi Mei yule mtoto wa miaka tisa, ambaye darasa lake ndilo hilo, akapata homa kali. Ingekuwa mwaka mwingine mama yake angemleta hospitali siku ile ile, kwa sababu ni mama mwangalifu, kadi ya kliniki ya mtoto wake haikuwa na pengo. Lakini safari hii ndugu walisema, hii siyo homa ya hospitali, hii ni ya zile pembe. Wakampeleka kwa mtu wa kuagua. Siku ya pili jioni degedege ikaanza, na ndipo wakamleta kwa pikipiki, hajitambui.

Ilikuwa malaria. Alipata sindano ya artesunate, sukari ya mshipa, akaongezewa damu. Usiku ule sikulala. Siku ya tatu alifungua macho akamwomba mama yake chai. Namshukuru Mungu, amepona na anasoma, ingawa kwa muda wa miezi kadhaa mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Kama angeletwa siku ya kwanza pengine angepona kwa vidonge tu. Wazazi, nawasihi: mtoto mwenye homa afikishwe akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Maneno ya pembe, ya jirani, ya shangazi, yatasubiri.

Wiki ile watoto zaidi ya nusu hawakwenda shule. Mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa wazazi akaniomba nihudhurie. Palikuwa na maneno makali. Mzee mmoja, katekista wa zamani, alisimama. Nikamwamkia. "Marahaba, binti yangu," akasema, "sisi hatutaki hotuba. Zifukuliwe hapa hapa, tuzione." Ikafukuliwa moja mbele ya wote. Ilikuwa imekaa wiki sita tu, ikapasuliwa kwa panga, na iliyomo ndani ilikuwa bado na rangi ya kijani na harufu yake unaijua. Mzee akainama, akanusa, akainuka. "Lakini hii ni samadi!" Watu wakaangua kicheko. Mgeni wetu alikuwa amesimama pale na uso mwekundu kama nyanya. Baadaye aliomba radhi, tena kwa Kiswahili, na alifanya vizuri.

Zile nyingine kumi na tisa ziliachwa ardhini kwa kura ya wazazi. Septemba walikuja wengi kutazama zikifukuliwa. Zilinukia kama udongo wa msituni baada ya mvua.

JE, ZINAFANYA KAZI?

Swali hili niliulizwa na wengi, hata na padre. Nitajibu kama muuguzi aliyezoea kuuliza dawa imepimwa wapi.

Huko Therwil, Uswisi, tangu mwaka 1978 wataalamu wanalima vipande vya shamba bega kwa bega: kimoja kwa baiodainamiki, kingine kwa kilimo hai cha kawaida, kingine kwa mbolea na dawa za viwandani. Matokeo ya miaka 21 yalitangazwa mwaka 2002. Vipande visivyotumia kemikali vilitoa mavuno pungufu kwa asilimia 20 hivi, lakini vilitumia mbolea pungufu kwa asilimia 34 hadi 53, na udongo wake ulikuwa na nyungunyungu na viumbe vingine hai vingi zaidi. Hiyo ni habari njema ya mboji, samadi, na kubadilisha mazao. Ama kuhusu pembe yenyewe, walipolinganisha mboji iliyotiwa dawa za Steiner na mboji isiyotiwa, mara nyingi tofauti ya maana haikuonekana. Fikiri mwenyewe: gramu 25 za samadi kwa ekari nzima haziwezi kulisha mimea. Wenye imani nayo wanasema hazilishi, zinaamsha. Mimi sikatai mtu akoroge ndoo yake. Lakini shule yenye saa moja ya watoto thelathini itumie saa hiyo kubeba majani makavu ya mboji. Kalenda ya kupanda kwa mwezi na nyota naiweka katika kundi hilo hilo. Mvua ikija, panda.

Steiner alikuwa pia na mafundisho yake mengi juu ya roho za watu na maisha kabla ya kuzaliwa, ambayo si mafundisho ya Kanisa letu. Kutengeneza mboji hakumfanyi mtu afuate hayo.

KAMA MTATAKA PEMBE

Kama shule itaamua kuzitumia, kuna mambo ya afya ambayo siwezi kuyaacha.

Pembe zitoke machinjioni, kwa mnyama aliyepimwa na bwana mifugo. Kamwe msichukue pembe ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe porini au zizini. Anaweza kuwa alikufa kwa kimeta, na vijidudu vya kimeta vinakaa katika udongo kwa miongo ya miaka. Kuzika pembe ya mnyama huyo katika uwanja wa watoto ni kupanda kifo. Zipo dawa nyingine za Steiner zinazotengenezwa kwa fuvu la mnyama, utumbo wa ng'ombe na kibofu cha kulungu. Hizo kwa shule nasema ziachwe kabisa. Maua yanayotakiwa ndani yake ni ya Ulaya, na mtoto wa darasa la tano hana kazi na fuvu.

Tena kuna pepopunda. Vijidudu vyake vimo katika udongo wote na hasa penye samadi. Watoto wetu wengi walipata chanjo tatu za utotoni, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na wazazi wakadhani yamekwisha. Kinga ile hupungua. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi sita kwa jumla: hizo tatu, kisha moja katika mwaka wa pili, moja kati ya miaka 4 na 7, na moja kati ya miaka 9 na 15. Ulizeni kituo chenu cha afya juu ya nyongeza hizo kabla watoto hawajaanza kushika majembe. Na mtoto akijikata bustanini, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha aletwe. Msipake samadi, majivu wala mafuta ya taa juu ya kidonda. Nasema hivi kwa sababu bado naviona.

KUANZA BUSTANI

Mahali pawe na jua, karibu na maji, mbali na vyoo, na upande wa juu wa vyoo. Mita thelathini ni kiasi kizuri cha kuanzia. Pawe na ua wa miti au miiba, maana mbuzi mmoja anamaliza kazi ya muhula katika dakika kumi. Anza padogo. Shule niliyoisema ilianza na matuta manane tu, kila moja mita 5 kwa 1.2, ili mtoto afike katikati bila kukanyaga udongo uliolimwa.

Lakini kabla ya tuta, mboji. Hapa ndipo penye siri yote, na kama utasahau mengine kumbuka hili. Chagua mahali penye kivuli. Lainisha ardhi kwa jembe, weka vijiti na mabua chini ili hewa ipite. Kisha panga tabaka: majani makavu au nyasi kavu unene wa kiganja kilichosimama, majani mabichi unene huo huo, samadi kidogo, udongo wa juu kidogo, majivu ya kunyunyiza tu. Mwagia maji kila tabaka lilowe kama nguo iliyokamuliwa. Rudia mpaka ufikie kimo cha mita moja na nusu. Upana na urefu visiwe chini ya hapo. Majani ya marejea ni mazuri sana kwa tabaka la kijani. Wazee wa Ruvuma watakumbuka jinsi Wabenediktini wa Peramiho walivyoueneza mmea huo kwa ajili ya kurutubisha udongo. Ukipandwa shambani peke yake nao unarudisha nguvu ya udongo. Funika fungu kwa nyasi au majani ya mgomba.

Chomeka mti mrefu katikati. Baada ya siku nne uchomoe na uushike. Ukiwa wa moto kiasi cha kutaka kuuachia, fungu linafanya kazi. Ukiwa wa baridi na mkavu, ongeza maji. Wa baridi na unaonuka, maji ni mengi, fumua upange upya na makavu zaidi. Joto hilo ndilo linalonipendeza mimi muuguzi. Likifika nyuzi 55 kwa siku tatu au zaidi, mayai ya minyoo na vijidudu vingi vya kuhara vinakufa. Lakini ni katikati tu panapochemka, pembeni pana baridi, ndiyo maana lazima fungu ligeuzwe, nje kuwe ndani, baada ya wiki mbili au tatu, na mara nyingine tena baadaye. Baada ya miezi mitatu hivi utaona udongo mweusi usionuka. Kinyesi cha binadamu, cha mbwa, cha paka na cha nguruwe kisiingie katika fungu la shule hata siku moja.

Samadi mbichi isiwekwe kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa, kama karoti, nyanya na kachumbari. Kama imewekwa shambani, ipite miezi minne kabla ya kuvuna vile vinavyogusa udongo.

Tuta lichimbwe mara mbili: ondoa udongo wa juu, tifua wa chini kwa uma au sururu, rudisha wa juu pamoja na ndoo za mboji, kisha usilikanyage tena. Watoto wavae viatu. Mabuti kama yapo, raba zilizochakaa kama hayapo, hata kandambili ni afadhali kuliko peku. Kazi ikiisha waoshe mikono kwa sabuni. Wekeni dumu la maji lenye kamba ya kukanyagia pale pale bustanini, maana sabuni iliyo ofisini kwa mwalimu haimfikii mtoto.

Jambo linaloua bustani za shule si wadudu, ni likizo. Juni na Desemba kila mtu anakwenda kwao na mchicha unakauka. Shule ile iligawa matuta kwa jumuiya ndogondogo: kila jumuiya inamwagilia wiki moja ya likizo, na wiki hiyo inavuna inachokuta. Mwaka wa kwanza jumuiya mbili zilivuna bila kumwagilia. Mwaka wa pili walipewa Desemba, wakati wa mvua.

KUTOKA TUTANI HADI SAHANINI

Pandeni mnachokula. Mchicha, matembele, majani ya maboga, mnafu, mgagani, kunde za majani. Karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa kwa ajili ya vitamini A. Mipapai pembeni, na mlimau mmoja. Mboga za kijani na za rangi ya chungwa zinalinda macho na kinga ya mwili, lakini vitamini yake haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kijiko cha mafuta au karanga zilizotwangwa kinatosha. Msichemshe saa nzima na kumwaga maji.

Juu ya damu nitasema ukweli ambao watu hawaupendi. Madini ya chuma yaliyo katika majani hayafyonzwi kirahisi kama ya nyama, maini au dagaa. Bustani peke yake isingemponya yule binti wa darasa la nne. Aliponywa na dawa ya minyoo na vidonge vya damu. Bustani ni ya kumzuia asirudi. Na majani yanasaidia zaidi yakiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C, yaani limau, papai, nyanya mbichi. Chai ya rangi pamoja na chakula inazuia chuma hicho. Kunyweni chai saa moja au mbili baadaye.

WADUDU NA CHUPA YA SODA

Kwa wadudu, tumieni majivu, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, maji ya pilipili na sabuni. Wengine hufundisha maji ya tumbaku. Mimi nakataza. Watu huona kuwa ni ya asili, lakini nikotini ni sumu kali inayopita hata kwenye ngozi, na ndoo ya maji ya tumbaku machoni pa mtoto mwenye kiu inafanana na chai.

Miaka mingi iliyopita tuliletewa watoto wawili, mtu na mdogo wake, kutoka shule ambayo sitaitaja. Dawa ya wadudu iliyobaki ilimiminwa katika chupa ya soda na kuwekwa stoo, na stoo haikufungwa. Walikuwa wanatokwa mate na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inacheza, pumzi inakoroma. Mkubwa tulimwahi kwa atropini. Mdogo hatukumwahi. Tangu siku hiyo, nikifika shule yoyote, kabla ya kupima watoto naomba ufunguo wa stoo.

Ikitokea, usimtapishe mtoto, wala usimpe maziwa kama dawa. Mvue nguo, mwoshe mwili kwa sabuni ukijilinda mikono, mlaze ubavu, na mkimbize hospitali pamoja na chupa au lebo ili tujue ni sumu gani.

Yule binti aliyekuwa anasinzia alipimwa mwaka uliofuata, damu gramu 11.9. Sasa yuko sekondari. Aliponiona juzi kanisani aliniuliza kama bado zile pembe zinazikwa. Zinazikwa, nilimwambia, sita tu kwa mwaka, kwa sababu watoto wanapenda kuzifukua, na siku hiyo wazazi hualikwa.

Wanaotaka kuanza kwa mvua za Novemba waanze kukusanya majani makavu mwezi huu ili fungu lisimame kabla ya katikati ya Agosti. Mbegu za marejea ziulizwe kwa bwana shamba wa kata. Mwezi ujao nitajibu barua nne zilizoniuliza juu ya chanjo ya pepopunda kwa mama mjamzito.